Siku Waliporuka Jina Langu

Wakubwa wa chuo chetu cha serikali pale Likasi walikuwa na ugonjwa wa karatasi. Hawakusema kitu kwa mdomo. Kila neno lao lilibandikwa kwenye valve, ndivyo tulivyouita ule ubao wa matangazo wenye kioo, karibu na mlango wa sekretarieti. Ukikosa kuliona jambo pale, basi halijatokea. Mwalimu amefariki, valve. Mtihani umesogezwa, valve. Nchi ilikuwa inabomoka mbele ya macho yetu, mitambo ya shaba ya Shituru inazimwa mmoja baada ya mwingine, walimu wanafundisha na njaa, na wale mabwana bado walikuwa na nafasi ya kugonga mihuri: “Komite ya uongozi inawajulisha wanafunzi wote…” Mpaka leo nikisikia mtu anaanza hivyo, hata kanisani, damu inanichemka.

Nilikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai enzi za wazungu kuja kufanya kazi ya mgodi. Baba alizaliwa Likasi, mimi nilizaliwa Likasi. Kasai niliijua kwa lugha tu, ile ambayo wazazi wangu waligombana kwayo wakati hawakutaka sisi watoto tuelewe. Halafu ukafika mwaka ambao watu walianza kusema wazi, sokoni na barabarani, kwamba mkoa una wenyewe na sisi hatumo. Walituita bilulu, yaani wadudu. Baba, karani wa kampuni ya migodi tangu ujana wake, alitolewa kazini, kisha tukatolewa katika nyumba ya kampuni. Tukaenda stesheni kama wengine. Watu walikuwa wanaishi pale, kwenye jukwaa na kwenye uwanja wa mbele, chini ya maturubai, wengine chini ya milango waliyoing'oa nyumbani kwao, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Treni ilikuja ilipotaka.

Mitihani nilikuwa nimeimaliza kabla hatujafukuzwa. Ilibaki proklamasio peke yake. Kwetu matokeo hupewi mkononi. Watu wa juri, yaani baraza la watahini, wanavaa toga, yale majoho yao, wanaingia ukumbini, wanasoma majina mbele ya wote, na matokeo ambayo hayakusomwa hivyo siyo matokeo. Hujasomwa, huna diploma. Kwa hiyo nilikuwa nashindana na treni. Ikija kabla sijasomwa, miaka yangu mitatu imekwenda na maji. Baba alijua, mama alijua, hata jirani zetu wa pale chini ya maturubai walijua, na kila nilipopita waliniuliza: “Balisha kubandika?”

Kila asubuhi nilitoka stesheni kwa miguu kwenda kusoma valve. Proklamasio imeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Kesho yake karatasi ileile. Wiki ile nyingine karatasi mpya, mhuri mpya, maneno yaleyale. Na unajua walikuwa wanangoja nini? Mkurugenzi mkuu na katibu wa mambo ya masomo walikuwa wamegombana nani akae kiti cha katikati siku hiyo. Naapa. Wenzangu wa darasani ndio walionieleza, tukiwa tumesimama pale mbele ya kioo. Mji unafukuza watu wake, watoto wanakufa kwa kuhara pale kwenye reli, na watu wazima waliosoma mpaka Ulaya wanagombania kiti.

Treni ikaja. Zamu ilikuwa yetu, tulikuwa tumekwishaitwa. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anakohoa tangu siku nyingi, na kila mtu alituambia tumwondoe mtoto pale haraka. Baba alikuwa ameshainua godoro kichwani. Mama akamshika mkono.

“Tungoje ingine,” alisema. “Mutoto basome jina yake kwanza.”

“Na huyu mwenye kukohoa?”

“Nitamubeba. Tungoje.”

Baba akalishusha godoro. Nafasi yetu ikachukuliwa na familia nyingine, na mama akarudi kuketi palepale kwenye mabunda, mtoto mapajani. Hakuniangalia. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilimpenda mama kuliko siku zote. Basi ujue hivyo: walibaki katika uchafu ule kwa ajili yangu.

Siku chache baadaye valve ilitoa tarehe, na kweli siku hiyo ikafika. Asubuhi, kwenye korido, nilikutana na msaidizi wa profesa aliyetufundisha kemia, kijana mpole, mmoja wa watu wa juri. Alitazama nyuma, akatazama mbele, akaninong'oneza: “Uko na distinksio. Ukae ku mbele, usikie muzuri.” Distinksio, zile alama za juu zinazosomwa kwanza! Nilikaa mstari wa kwanza.

Wakaingia na toga zao, mkurugenzi katikati, amekishinda kiti chake. Prezida wa juri akaanza na waliopata distinksio. Alikuwa anasoma na kidole juu ya karatasi. Alisoma wawili, halafu kidole kikasimama. Akainua macho kwa mkurugenzi. Mkurugenzi hakufanya kitu, alikohoa tu kidogo. Kidole kikashuka mstari mmoja, akasoma jina la mwingine. Mimi nilikiona kile kidole. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi hicho. Akaendelea na waliopita kwa kawaida, akamaliza, akafunga karatasi. Sisi wanafunzi watatu tuliokuwa tunatoka stesheni hatukusomwa.

Nilisimama. 

“Bwana prezida, jina yangu hamukusoma.”

“Matokeo ya bale beko ku stesheni inawekwa pembeni,” alisema. “Komite itaangalia.”

“Itaangalia nini, Bwana? Nilipita ao sikupita?”

“Mamzele, ikala chini.”

Nilimtazama yule msaidizi. Alikuwa anatazama dari. Niligeuka nyuma. Darasa zima, watu niliokula nao, niliosoma nao, niliowaazima madaftari yangu walipougua, wote wamepiga kimya kama wamejaza maji mdomoni. Hata mmoja hakuinuka. Ningefurahi hata mtu angekohoa. Mkurugenzi akachukua nafasi hiyo kutoa hotuba yake juu ya amani na nidhamu chuoni, na wakampigia makofi.

Sasa, kuna desturi moja ambayo kila aliyesoma kwetu anaijua. Familia zinangoja nje, upande wa mbele, na poda ya watoto mkononi. Aliyepita anatoka kwa mlango mkubwa, wanammwagia poda kichwani, wanaimba, anarudi nyumbani mweupe mtaa mzima ukimwona. Aliyefeli hangoji. Anapitia mlango mdogo wa nyuma, karibu na vyoo, na kwa heshima hakuna anayegeuza macho upande ule. Wenzangu wawili wa stesheni walipitia nyuma. Mmoja wao alikuwa amefeli kweli, mwenyewe alijua na sote tulijua. Mimi nilikataa. Nipitie chooni kwa nini? Nilikuwa nimepita. Nilitoka kwa mlango mkubwa, kichwa juu.

Mama alikuwepo. Poda hakuwa nayo, alitoka stesheni na unga wa mahindi kwenye kikombe, unga ambao tungekula siku hiyo. Aliponiona tu mlangoni alipiga kigelegele, akaja mbio, akanimwagia kichwani, akaanza kuimba kwa Kiluba, lugha ya kwetu Kasai. Wamama wengine wa stesheni wakaitikia na kucheza. Nilishindwa. Nikamshika, nikamwambia sikioni: “Mama, habakusoma jina yangu.”

Wimbo ukakatika.

“Habakusoma?”

“Nilipita, mama. Niko na distinksio. Baliruka siye ba ku stesheni.”

“Kama ulipita, bangesoma,” alisema, na sasa alikuwa anasema polepole. “Bale bantu balivaa toga. Bataongopa mbele ya bantu bote, ju ya nini?”

Nilimwona yule msaidizi anashuka ngazi. Nikamkimbilia na unga wangu kichwani, nikamvuta mkono mpaka mbele ya mama. Nikamwambia: mwambie mama ulichoniambia asubuhi. Neno moja tu. Mama alisimama anamngoja, ameinua uso kama mbele ya daktari. Yule bwana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Mama,” alisema, “komite njo itajibu.”

Akaondoka. Ningekuwa na jiwe ningempiga nalo mgongoni, na sisemi hivi kwa mzaha.

Mama alichukua ncha ya kitenge chake akaanza kunifuta. Alinifuta kwa nguvu, machoni, masikioni, shingoni, mpaka ngozi ikauma, huku watu wanatutazama. “Ju ya nini ulipitia huku?” alikuwa anasema chini chini. “Ju ya nini unanipatisha haya mbele ya bantu? Ungepitia kule kwa benzako.” Kisha akaokota kikombe chake, tukarudi stesheni, yeye mbele, mimi nyuma.

Treni iliyofuata tulipanda, katika mabehewa ya mizigo. Mama alimpakata mdogo wangu njia yote. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Na mimi, mama hakunisemesha mpaka tulipoupita mji wa Kamina, karibu nusu ya njia, na hapo ni kwa kuwa maji yalikuwa yamebaki upande wangu.

Mwaka uliofuata mwenzangu mmoja wa darasani alikuja Mwene-Ditu, kule Kasai tulikofikia, kununua mahindi, akanikuta sokoni. Akanieleza, na kicheko cha aibu, kwamba komite ilijibu hatimaye. Ilijibu kwenye valve. Wote ambao matokeo yao yaliwekwa pembeni wafike wenyewe sekretarieti kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo yanafutwa. Wafike wenyewe. Likasi. Sisi, ambao tungeonekana tu tunashuka pale stesheni tungepigwa mawe. Walibandika karatasi ile ndani ya kioo, wakagonga mhuri, wakangoja mwezi uishe, wakatufuta. Nani aliyeiandika? Alikaa kwenye meza akafikiri vizuri, akachagua maneno. Huyo mtu bado namtafuta kichwani mwangu.

Nilikimbia nyumbani kumweleza mama, nikidhani sasa ataniamini. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Aya, mwanangu,” akasema. “Iishe sasa.”

Hakunichukia, usinielewe vibaya. Ingekuwa afadhali. Miaka yote tuliyoishi kule, wageni wakiuliza habari zangu, mama alinivuta karibu, akaniwekea mkono begani na kunitetea: “Huyu alisoma sana. Mwaka wa mwisho tu njo ilimushinda, ju ya mateso ya ku stesheni. Haiko kosa yake.” Alisema hivyo kwa upole, kwa mapenzi yake yote. Nami nilichoka kubisha, nikawa nanyamaza. Tulimzika Mwene-Ditu, msimu wa mvua. Alikufa akiamini kwamba nilifeli, na kwamba nilimdanganya.