Aliyeiba Ngamia Ni Warfa

Kananu, mwenzangu wa nyumba, ana kasoro moja tu: hawezi kumaliza wiki bila kuua mtu. Anaua kwa kalamu, Mungu asifiwe, lakini anayesimuliwa vifo hivyo huku akikaanga vitunguu ni mimi, Zilpah, muuguzi niliyeona wagonjwa wa kutosha mchana kutwa. Alitoka Meru miaka minne iliyopita kuja kufundisha Kiswahili sekondari hapa Garissa. Shati lake jeupe halikosi doa la wino, na huenda dukani akasahau alichotumwa.

Alichotaka maishani ni kitu kimoja: watu wasio jamaa zake wasikilize hadithi yake hadi neno la mwisho. Mimi sihesabiki kwa sababu husinzia. Wanafunzi wake nao hawahesabiki, maana mlango wa darasa anausimamia yeye.

Basi nikampeleka kwa Habibo, mama mwenye hoteli karibu na mahali malori ya Modogashe na Habaswein yanapopakia. Kila Jumamosi alasiri wafanyabiashara hukaa pale kusubiri lori lijae unga na mabati. Habibo alikubali kwa sharti moja.

"Soma, abaayo, dada yangu, lakini usizuie watu kunywa chai."

Jumamosi ya kwanza Kananu alikuja na hadithi ya upelelezi. Tajiri ameuawa bustanini, washukiwa ni saba, mmoja wao shemeji anayechechemea, na mpelelezi amevaa koti refu. Alikuwa ukurasa wa pili Mzee Olow, dalali wa ngamia, alipoinua mkono.

"Mwalimu, hiyo usiku mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha, Mzee."

"Basi nyayo iko. Huyo bolisi wako ameangalia nyayo?"

Mpelelezi wa Kananu alikuwa ameangalia kila kitu isipokuwa ardhi. Olow akaeleza kwa upole kwamba mtu hutambua nyayo za ngamia wake katikati ya kundi la mtu mwingine, sembuse za shemeji anayechechemea. "Ni shemeji," akasema. Na kweli alikuwa shemeji. Kurasa mia mbili zilizobaki zikafa palepale, lori likapiga honi, watu wakaenda zao.

Ya pili ilikuwa ya kijasusi: mgeni anaingia Modogashe kwa jina la uongo, akijifanya mnunuzi wa mbuzi. Hata Habibo aliacha birika akacheka.

"Mgeni hapa anaulizwa baba yako nani, babu yako nani, babu ya babu yako nani," akasema. "Chai ya mbili haijaisha, sisi najua yeye ni mwongo."

Ya tatu ilikuwa ya mahakamani, kesi ya miezi sita yenye wakili machachari. Olow alisema wazee wangekaa asubuhi na kufikia adhuhuri wangekuwa wanakula nyama ya suluhu. Ya nne ndiyo ile ya kisaikolojia: mwanamke anaishi peke yake katika jumba kubwa, anasikia sauti, anaanza kuishuku akili yake. Watu walisogeza viti karibu. Kananu akanikonyeza, akidhani amewapata. Kumbe walikuwa wanamhurumia yule mwanamke.

"Jamaa zake wako wapi?" Habibo akauliza. "Hata binamu hakuna?"

Hakuna aliyeogopa hata kidogo. Nusu yao walitaka kuchanga nauli wamlete Garissa.

Tukirudi nyumbani, Kananu alilia njiani, nami niliona uchungu, kwa kuwa ni mimi niliyempeleka.

"Hawa watu hawafichwi kitu, Zilpah," akasema. "Kila kitu wanakijua kabla sijafika."

"Si uwaambie basi mwanzoni," nikamjibu. Nilisema hivyo ili anyamaze tu. Sidai sifa, au niseme nadai kidogo.

Jumamosi iliyofuata alisimama na karatasi chache mkononi. Akasoma: "Aliyeiba ngamia ni Warfa. Habaswein nzima inajua. Asiyejua kwamba wanajua ni Warfa mwenyewe, na leo anaoa, na mwenye ngamia ni baba wa bibi harusi."

Olow aliinua mkono, akaushusha.

Katika hadithi, wageni waliingia arusini mmoja mmoja. Kila mmoja alimshika Warfa mkono akamuuliza, kama ilivyo desturi, habari za nyumbani, habari za mvua, kisha mifugo hawajambo? Warfa alijibu hawajambo. Wa kumi alipouliza, jasho lilikuwa limelowesha kola. Hapo hotelini vikombe vilipoa. Saa kumi honi ikalia nje. Keinan, dereva wa lori, akaja kuwaita abiria wake, akasikia habari za yule ngamia, akabaki mlangoni na funguo mkononi.

Ndipo simu ya Mzee Olow ilipoita. Alikuwa mkewe, Kaaha, kutoka Habaswein. Mzee akaziba mdomo kwa kiganja, lakini sauti ya dalali haizibiki.

"Nitachelewa," akasema. "Kuna kijana hapa iko na matatizo kubwa." Akasikiliza. "Anaitwa Warfa. Hapana, wewe hujui yeye." Akasikiliza tena, akajikuna ndevu. "Wallahi hata mimi sijui yeye. Ngoja kwanza, Kaaha."

Akaizima simu, akamgeukia Kananu kwa uso wa mtu aliye msibani.

"Mwalimu, endelea. Baba ya bibi harusi amefika mlangoni."

Kananu akafuta macho kwa mkono wa shati, bila haya. Nami nilikuwa macho kuliko wakati wowote katika ile miaka minne. Akageuza karatasi, akasoma hadi neno la mwisho, na lori likaondoka saa kumi na mbili.