Ndoo ya asmini iliyoko uani si ile aliyoiacha mume wangu

Assalaam aleikum admin, na nyote mnaosoma. Mtaa nautaja, Kibokoni, lakini jina langu lifiche, maana huku kwetu ukipiga chafya chumbani, jirani akuitikia dirishani.

Nina miaka thelathini na mbili. Mume wangu yuko Omani, anaendesha lori. Tulijaaliwa mtoto mmoja tu, Naima, akafariki na miezi kumi na mmoja kwa homa ya siku tatu. Nalikuwa bado namnyonyesha. Babake alipopata ruhusa akafika, mtoto ameshazikwa siku nne. Mimi nami ni mwanamke, kwetu hatuendi maziarani, makaburini. Ikawa yeye hakumzika mwanawe, nami sina pa kumlilia.

Ndipo akasema tumpandie kitu uani. Mimi najijua, hata mnanaa wa chai ulinifia. Na ua wenyewe jua laingia saa moja tu, mfereji watoka maji wakipenda, na kisima ni chumvi tupu. Nikamwambia tupande mshubiri, haudai kitu, ukiusahau mwezi mzima waukuta vile vile. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mwanangu simpandii shubiri," akanambia. "Shubiri yapakwa ziwa ili mtoto alikatae. Naima hakukataa kitu."

Maziwa yalikuwa bado yaniuma kifuani.

Akaleta asmini na ndoo kubwa ya rangi, akaitoboa chini. Mamangu alikuwa ameziweka nywele za Naima tangu siku ya saba ya kuzaliwa, aliponyolewa, zimefungwa kitambaa cheupe. Baba Naima akakilaza kile kitambaa, bila kukifungua, chini ya udongo kwa mkono wake, akapanda juu yake, akasoma Fatiha. Akasema, "Sasa na mimi nimemzika." Baada ya siku tatu akasafiri.

Mwezi wa kwanza niliipa maji matamu. Kisha mfereji ukakauka, ikawa maji twanunua kwa mitungi, ya kunywa na kupikia, na asmini nikaitilia ya kisima. Sitajitetea. Kuna siku nalikuwa siinuki kitandani hata kuswali mpaka mamangu aje anivute. Majani yakaungua pembeni, yakapukutika. Babake akitaka picha, namtumia za zamani. Asubuhi moja nikatoka uani nikaona vijiti vitupu, nikasikia uchungu, nikasikia na hasira, wallahi, hasira na mti. Mtu wa mkokoteni wa taka alikuwa yuwapita, nikampa ndoo na vilivyomo. Nikapiga deki, nikaona afadhali.

Alasiri Baba Naima akapiga simu. Kabla hajakata akasema kama kawaida yake, "Nisalimie mwanangu hapo uani."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitambaa. Nilitoka na leso moja, bila buibui, mpaka kule zinakomwagwa taka, nikachakura kwa mikono watu wakinitazama. Vipande vya ndoo nimeviona. Kitambaa sikukiona.

Nikaenda Tononoka kwa wauza miche, nikanunua asmini ya kimo kile kile, nikatafuta ndoo ya rangi kama ile. Hiyo nayo ikafa, nikanunua nyingine. Sasa ni miaka miwili, na hii asmini ni ya tatu. Ule mshubiri ungekuwa hai mpaka leo. Yeye kila Ijumaa yuwaomba picha, akiipata anaomba dua, na mimi naitikia amina.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika ukingoni. Mkataba wake umekwisha, Ijumaa hii yuwaja moja kwa moja. Amepata kiwanja ng'ambo, hapo ukivuka feri, ataka asmini tuihamishie ardhini. Ameniusia ndoo nisiiguse. Ataimwaga mwenyewe, polepole, azishike nywele za mwanawe, azizike tena.

Sasa nisikilizeni, nanyi mnilaani mkitaka. Wiki mbili zilizopita mtoto wa mdogo wangu alinyolewa. Mimi ndiye niliyeshika sinia. Walipogeuka kumbembeleza mtoto, nikachota nywele, nikazifunga kwenye pindo la leso. Nimezitia katika kitambaa cheupe, nikakisugua udongo mpaka kikachakaa. Niliyafanya yote kama mtu apetaye mchele, na hilo ndilo linalonitisha. Kiko kabatini, chini ya kanzu zake.

Za Naima zilikuwa na wekundu, hizi ni nyeusi. Lakini siku ya saba babake hakuwepo, hawezi kujua. Tutajua mimi na mamangu tu.

Mamangu ndiye pekee niliyemwambia. Asema nikifukie kitambaa ninyamaze, kwamba mume wangu hakuwahi kumzika mwanawe mara ya kwanza, nisimnyang'anye na hii ya pili. Nikimsikiliza naona ana haki. Kisha namwona mdogo wangu akimnyonyesha yule mtoto, nami nageuza uso. Nimeiba nywele za mtoto wa watu aliye hai nikazitengenezea kaburi.

Leo Jumanne. Mliofiwa, mlioko ndoani, wenye elimu ya dini, niambieni kabla Ijumaa haijafika. Nimwache mume wangu amlilie mtoto asiyekuwa wake, au nimkalishe nimwambie kwamba Naima wake nilimtoa na taka?