Ini la Bwana Harusi

Siku niliyompeleka mdogo wangu wa kiume kupigwa picha ya ini, watu walitupongeza. Ilikuwa kliniki moja ya Nakasero, jijini Kampala, ghorofani, na kwenye benchi lile wanawake wote walikuwa wajawazito. Tumbo langu lilikuwa kubwa kuliko ya wote. Lilijaa maji kwa sababu ini langu lilikuwa limeshindwa na kazi, lakini nani atayajua hayo kwa kutazama gauni? Mama mmoja alinisogezea nafasi, akamwambia mdogo wangu kwamba amefanya vizuri kuja, maana wanaume wengi huwaacha wake zao wahangaike peke yao. Mdogo wangu akamshukuru. Nikamkanyaga mguu.

Kisha mlango ukafunguliwa, likaitwa jina lake yeye. Akaingia, akalala kitandani, na kwa kuwa mlango haukurudishwa vizuri, benchi zima lilimwona akipandisha shati na kupakwa ile jeli ya baridi tumboni. Yule mama akajisogeza, akachukua tena nafasi aliyokuwa amenipa.

Ngoja nieleze. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ilikuwa imeligeukia ini langu, ikalishambulia kwa miaka mpaka likawa gumu na lenye makovu. Dawa zilifika mwisho. Daktari aliniambia, kwa ule upole wa madaktari unaotisha kuliko ukali, kwamba nipate kipande cha ini la mtu mwingine au nianze kuaga. Ini lina tabia ya ajabu, alisema. Ukikata kipande kwa mtu mzima na kumpandikizia mgonjwa, linalobaki linakua tena, na kilichopandikizwa nacho kinakua. Operesheni ingefanywa India. Habari za fedha sitaziandika, zilinichosha wakati ule na zinanichosha hata leo. Damu ya mdogo wangu ilikubaliana na yangu. Nilipomwomba alikuwa anageuza nyama ya nguruwe kwenye jiko lake la kuchomea, pale Kansanga kando ya barabara ya Ggaba. Alisema "Sawa" bila hata kuweka koleo chini.

Ila ile picha ilimsema. Mtaalamu aliniita ndani, akatugeuzia skrini, akatuonyesha jinsi ini lake lilivyong'aa jeupe pale lilipotakiwa kuwa la kijivu. Mafuta, alisema. Kwani mtu anayechoma nguruwe mchana na kula nguruwe jioni alitarajia nini? Ini la namna hiyo halikatwi. Linalobaki kwake linaweza kushindwa, na kinachokuja kwangu kinaweza kukataa kufanya kazi. Apunguze mwili, arudi baada ya miezi mitatu. Tulipompelekea daktari wangu majibu hayo alinitazama mimi, akasema kwamba baada ya hapo hawezi kuahidi kama nitakuwa na nguvu za kupanda ndege.

Kwa hiyo uhai wangu ukawa kwenye sahani ya mdogo wangu.

Nilimlinda, jamani. Tulipanga vyumba viwili kwenye ua mmoja, na askari magereza wa Luzira hawajawahi kumlinda mtu vile. Asubuhi chai isiyo na sukari, mchana maharage na kabichi ya kuchemsha, jioni kabichi tena. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya makaa siku nzima, mafuta ya nguruwe yakidondoka na kunukia, watu wakila na kulamba vidole, naye akinywa maji. Akinyoosha mkono kuonja, nilikuwa nyuma yake na lile tumbo langu. "Weka chini," nilimwambia. "Hilo ni ini langu unalolinenepesha." Alicheka tu. Ni mtu asiyejua kukasirika, na hilo lilinikera zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa nakasirika kwa niaba ya wote wawili.

Nilikuwa nimemwapisha asimwambie mtu. Sababu ni kwamba pale mtaani ukitaja ini, wanajua chanzo kimoja tu, nacho ni pombe, na mimi sijawahi kuionja. Mwanamke wa kanisani, Mkenya, anauza mapazia, anaishi katikati ya mabaa ya Kansanga, halafu ini limekufa? Wangenimaliza kwa maneno kabla ugonjwa haujanimaliza. Kati ya kuitwa mlevi na kuitwa mjamzito nilichagua mjamzito. Kanisani walinong'ona juu yangu mpaka wakachoka, mwishowe wakaanza kunishonea nguo za mtoto.

Lakini kukonda huku si jambo la kuchezea. Kampala ile ilikuwa imezika watu wengi mno walioanza kwa kukonda, na mdogo wangu alipoanza kukaza mkanda kwa kamba, mtaa mzima ukaona na ukajua, yaani ukajua vibaya. Chakula kikaanza kuja. Jirani yetu Mkongomani, muuza vitenge aliyekimbia vita kwao na kuzika ndugu njiani, alileta sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ikiogelea kwenye mawese, akaketi mlangoni ili aone ikiliwa. Alimwambia mdogo wangu ale, vita imeisha. Ungemjibu nini mtu kama huyo? Wateja nao wakawa wananunua nyama kwake na kumrudishia wakimbembeleza aile. Ushirika wa Wakenya ukaja na chapati na pilau, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani na kumwombea kwa machozi. Walipomaliza wakanigeukia mimi, wakaniambia nijikaze kwa ajili ya mtoto tumboni na kwa ajili ya ndugu yangu mgonjwa. Niliyekuwa nakufa ni mimi! Nilisema amina.

Vyakula vyote hivyo nilimpelekea mlinzi wetu wa getini. Ndani ya wiki chache mlinzi alikuwa amenawiri mashavu, na watu wakaanza kusema kwamba wizi umemkubali.

Sasa, mdogo wangu alikuwa na mchumba, mwalimu ambaye kwao ni Luzira. Siku ya kwanjula, yaani ile siku ambayo bwana harusi hupelekwa kutambulishwa kwa wazazi wa binti, ilikuwa imepangwa iwe baada ya safari yetu. Alimwambia binti anasafiri kikazi. Siri yangu aliitunza hata kwake, na mimi nililiona hilo kuwa jambo la kawaida kabisa. Lakini habari za kukonda zilivuka mji zikafika Luzira, na zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya picha ya pili, tukaletewa ssenga.

Ssenga ni shangazi wa binti upande wa baba, na kwa Waganda ndoa haiendi popote bila yeye. Huyu wetu alikuwa mjane wa mwanajeshi. Kiswahili alikuwa amekiokota kambini na mumewe, miaka ile baada ya vita vya hapa, kwa hiyo alikijua kwa upande wa amri tu. Tafadhali haikuwemo. Aliingia na kikapu, akatandaza majani ya ndizi mezani, akafungua kuku wa mchuzi wa karanga juu ya mlima wa matoke, mafuta yakielea juu. Akavuta kiti, akaketi mkabala na mdogo wangu.

"Kula," alisema. "Mimi nakaa hapa, naona. Kama wewe nashindwa maliza, basi, harusi hakuna. Mtoto yetu hapana kuja kuwa mjane."

Leo najua kwamba sahani moja haiharibu ini. Wakati ule sikujua. Niliuona ule mchuzi ukiteremka kooni kwake na kwenda moja kwa moja kwenye kipande changu, na nikajiona nimelala kwenye jeneza kwa ajili ya kuku. Mdogo wangu alinawa mikono. Alikata tonge la matoke, akalichovya kwenye mchuzi, akalishika hewani. Halafu akanitazama.

"Dada?" alisema.

Mwanaume mzima yule, mchumba upande mmoja na mimi upande mwingine, ananiomba ruhusa ya kumeza. Nilisimama, nikashika meza kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, nikamwambia yule mama kwamba kijana wake haumwi. Anayekufa ni mimi. Anajinyima ili anipe ini lake, na watu wema wa mtaa huu wananiua kwa mapishi.

Ssenga alilitazama tumbo langu. Akauliza kama huyu si mtoto. Nikamwambia ni maji. Akataka ushahidi, mdogo wangu akaenda kuleta ile picha ya kwanza. Aliishika juu chini, akaigeuza, akaisogeza dirishani. Picha za namna ile alikuwa ameonyeshwa za wajukuu, kwa hiyo aliuliza kichwa kiko wapi. Mdogo wangu akamwelekeza kwa kidole, akamwonyesha ini na mafuta yake. Akaamriwa apandishe shati aonyeshe watapasua wapi. Ssenga akapitisha kidole chake chini ya mbavu za kulia, taratibu, jinsi fundi anavyopima kitambaa.

Kisha akavuta sahani upande wake, akaanza kula mwenyewe. Alikula yote, bila haraka, akifikiri, sisi tumesimama. Alipofuta mikono alisema kwamba wao walikubali kijana mzima, na sasa tunataka kuwaletea nusu. Mdogo wangu akaeleza kwamba litakua tena. Na ile nyingine, akauliza. Nikamwambia nayo itakua, ndani yangu.

"Basi ile pia yetu," alisema, akaninyooshea kidole. "Wewe. Hapana kufa nayo. Siku ya kwanjula, leta."

Madaktari waliniambia mengi, wachungaji waliniombea mengi, lakini hakuna aliyewahi kunikataza kufa. Nililia pale pale mbele yake, akaniambia ninyamaze.

Picha ya pili ilionyesha ini la kijivu. Sijawahi kupenda rangi vile. India walitupiga picha nyingine, kubwa, iliyochora kila mshipa ndani ya ini la mdogo wangu, ili mpasuaji ajue kisu kipite wapi kabla hajakishika. Walimwingiza yeye kwanza. Nilipozinduka, mipira puani na tumboni, nilimwuliza nesi habari zake kwa ishara, naye akaniambia kaka yupo macho na analalamika. Analalamika nini? Nyama. Miezi yote ile aliivumilia kabichi akijua kwamba baada ya kisu atakula, kumbe hospitali yenyewe ilikuwa haipiki nyama kabisa. Walimletea dengu. Nilicheka mpaka mshono ukanichoma, wakaja watu wawili kunizuia.

Kwanjula ilifanyika Luzira, kwenye hema, macho yangu yakiwa yamerudi meupe na tumbo limekwisha. Waliokuwa wameshona nguo za mtoto walikuwepo, wakinitazama bila kujua waulize nini. Desturi ni kwamba bwana harusi hukaa kati ya watu wa kwao kama mgeni yeyote, na ssenga huja na ua kumchagua. Nasi tulikaa safu kwa safu, mimi katika gomesi, lile gauni la Waganda, niliyoazima. Ssenga alitoka kwao akitembea kijeshi, akatupita mmoja mmoja, akafika kwa mdogo wangu, akambandika ua kifuani. Vigelegele vikalipuka. Msemaji wao alikuwa ameshashika kipaza sauti aendelee na mengine.

Ssenga hakurudi kukaa. Alikuwa na ua la pili. Alizunguka viti, akaja mpaka kwangu, nikasimama, na minong'ono ikaanza, kwa sababu hakuna mahali popote Buganda ambapo dada wa bwana harusi huchaguliwa. Aliinama, akalibandika chini, upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu, juu ya kovu ambalo hakuwahi kuonyeshwa.

"Umeleta?" akaniuliza.

"Nimeleta, ssenga."

"Sawa. Sasa kaa chini, kula."

Nikakaa, nikaletewa kuku wa mchuzi wa karanga. Upande wa pili wa hema, mdogo wangu alikuwa ameiacha sahani yake na anaitazama yangu kwa jicho kali.