Siku Niliyomfukuza kwa Mara ya Pili

Kwa miaka mingi hapa Karatu niliwaambia watu kwamba yule mwanamuziki wanayemsikia redioni nilimfundisha mimi. Nilisema hivyo harusini, msibani, hata kwa madereva wa watalii waliosimama kununua ndizi wakielekea Ngorongoro. Ni kweli nilikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, na yeye, akiwa binti mdogo, aliimba mstari wa mbele. Nisichokisema ni kwamba nilimfukuza.

Tulijifunza nyimbo kwa do-re-mi nilizoandika kwenye karatasi za manila, nikizifuata kwa fimbo. Yule binti alikuwa na tabia ya kuvuta sauti mwisho wa mstari, akiipandisha na kuishusha kama mama zetu wa Kiiraqw wanavyoimba. Mara mbili nilimwambia kwamba hicho anachoimba hakimo kwenye manila. Mara ya tatu, wiki moja kabla ya mashindano ya kwaya, nilimtoa mbele ya wenzake. Mashindanoni tukawa wa mwisho, bila kukosea noti hata moja.

Mwaka jana walikuja vijana kutengeneza filamu ya maisha yake. Mwongozaji, dada mmoja wa Arusha, alikaa barazani kwangu akanisomea sehemu yangu. Nilikuwa mwalimu mpole mwenye miwani, ninampa binti gitaa langu huku mvua inanyesha.

"Sijawahi kuvaa miwani," nilisema. "Wala sikuwa na gitaa."

"Mzee wangu, filamu lazima ipambwe kidogo."

"Na hiyo mvua? Sisi hapa tunalia na ukame."

"Tutaileta kwa bomba."

Nilicheka, kisha akaniambia kwamba mwanamuziki mwenyewe atakuja kanisani Alhamisi kuangalia mazoezi ya filamu. Hapo kicheko kikaisha. Angenikuta ninasifiwa kwa gitaa ambalo hakulipata, na nikinyamaza, uongo wangu ungebaki kwenye skrini hata baada ya kuzikwa kwangu. Nikamweleza mwongozaji yote. Alifuta ukurasa mzima, akaonekana mwenye furaha kuliko alivyokuja.

Alhamisi mwongozaji akaniomba nimwonyeshe mwigizaji wa sehemu yangu jinsi nilivyosema siku ile ya kumfukuza. Nikamgeukia binti aliyemwigiza yeye, nikasema taratibu, "Toka nje."

Sauti ikatoka benchi la nyuma. "Mwalimu, siku ile ulisikika mpaka barabarani."

Alikuwa yeye, mama mtu mzima sasa, mkoba mapajani. Nikarudia, sauti ikatoka ileile ya zamani, kali, na yule mwigizaji mdogo akarudi nyuma hatua mbili. Nikaona aibu kana kwamba nimefanya upya.

Nilimfuata kule nyuma. Akasimama. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, nilikukosea. Halafu nikajisifia."

"Nilikuwa nasikia unavyojisifia. Madereva wanaleta habari mpaka Arusha." Akacheka. "Ila ile habari ya gitaa waliyonisomea niliipenda. Ungenipa kweli?"

"Ningekupa, kama ungeimba jinsi manila inavyosema."

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akauliza kama manila bado zipo. Zilikuwepo kwenye kabati la kanisa, zimeliwa na panya pembeni, na fimbo yangu kando yake. Akachukua kalamu ya mwongozaji, na mwisho wa mstari wa kwanza akachora mkia mrefu unaopanda na kushuka.

"Sasa kimo," alisema, akanipa ile fimbo. "Tufundishe."