Wakili niliyeanza kazi na rungu

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na nne, ni wakili, ofisi yangu iko Kaloleni. Nawatetea watu waliojeruhiwa wanaodai fidia. Wateja wakiniuliza nilianzia wapi, huwajibu chuoni. Si kweli. Kabla ya chuo nilikuwa mlinzi miaka miwili kwenye shamba la kahawa chini ya Mlima Meru. Rungu ndilo lililonisomesha.

Mwaka huu alinijia mjane kutoka mlimani. Mume wake alikatisha shambani humo na mzigo wa kuni. Walinzi walimvunja mbavu nne, wakamburuta hadi barabarani, akafa kabla ya kufika hospitali. Msimamizi, yuleyule wa enzi zangu, anasema walinzi walijiamulia wenyewe, hajawahi kuagiza mtu apigwe. Nilijua anadanganya. Nikaichukua kesi.

Wiki iliyopita mjane alileta shahidi, mzee anayechechemea, aliyepigwa humo zamani. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba anionyeshe ilivyokuwa, kama ninavyowaomba wote. Akachukua mwavuli wa mjane, akanigusa nao goti la kulia.

"Kwanza hapa. Nikaanguka, nikaweka mkono chini, akaukanyaga. Halafu goti lilelile, mara tatu. Ya tatu mfupa ukatokeza."

Sikuandika kitu. Nilikumbuka goti lile likilia kama ukuni mkavu, na damu kwenye buti langu. Nilimkumbuka msimamizi nyuma yangu akisema, "Vunja, asirudi."

Mjane alipotoka kwenda kutoa nakala, nikaanza, "Mzee wangu, mimi..."

"Nilikujua tangu mlangoni," akasema. "Umenenepa. Usinililie hapa. Siku ile tulikuwa watatu, mimi, wewe na msimamizi wako. Mimi nilikuwa napiga kelele, ningesikia nini? Aliyeisikia amri ni wewe."

Kesi inasikilizwa Jumatatu. Nikitoa ushahidi, msimamizi hana pa kutokea, lakini siwezi kuwa shahidi na wakili kwenye kesi hiyohiyo. Mjane atabaki bila wakili, mimi nitakuwa nimekiri kosa langu chini ya kiapo, na uwakili wangu umekwisha. Nikinyamaza, nitasimama na joho langu mbele ya mahakama, nimuulize mzee yule ni nani aliyemvunja mguu. Naye ataapishwa kusema kweli.

Matusi nayajua, nimeshajitukana. Nishaurini tu: Jumatatu niingie kama nani?