Pipa la Kasiksi la Tantine Nabintu

Harufu ya ndizi zinazoivia shimoni haiji yote kwa pamoja. Kwanza unasikia udongo uliolowa, kisha moshi wa majani makavu, halafu, ukiwa umeshasahau kilichokuleta nyuma ya nyumba, utamu mzito unakupanda puani hadi machozi yanakulengalenga. Nyumba yetu ya Bagira, mjini Bukavu, iliegemea mteremko, na katika uwanja wake mwembamba Maman alikuwa na shimo la kuivishia ndizi. Zikiiva alizimenya, akazikanda kwa nyasi ndani ya beseni la mti mpaka zitoe maji, akayachanganya na unga wa mtama uliokaangwa, akayamimina kwenye mtungi na kuufunika kwa majani ya mgomba na blanketi kuukuu, maana Bukavu ina baridi, na pombe isiyofunikwa hulala usingizi. Hiyo ndiyo kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mtungi mmoja ulitosha majirani wa Jumamosi, na sikumbuki hata mmoja ulioharibika. Sijui kwa nini ninalisisitiza hili. Labda kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila hilo.

Msimu ninaoukumbuka ni wa mvua, mwaka Tantine Nabintu alipoposwa. Alikuwa dada mdogo wa Papa, alilala chumba kimoja na sisi watoto, na umri wake ulikuwa umeanza kutajwa na mashangazi kwa sauti ya chini. Familia moja ilikuwa imewahi kuja kumwona, ikanywa, ikaaga kwa adabu, isirudi. Hatukuambiwa sababu. Kwa hiyo ujumbe ulipofika kutoka Walungu kwamba ukoo wa bwana harusi utakuja wote, si wazee wachache tu, nyumba nzima ilifurahi kwa hofu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, lakini mwenyeji kwanza awe na cha kumimina. Mtungi wa Maman usingetosha. Kupika mitungi mingi mbalimbali nako hakukufaa: kila mtungi hutoka na ladha yake, na kwetu wakwe wakinywa vinywaji viwili tofauti, aliyepewa kile kikali atasema amedharauliwa. Ilibidi wote wanywe kutoka tumbo moja. Papa akaazima pipa kubwa la plastiki ya buluu.

Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na aliamini kuzidisha. Alitaka kujua Maman hutia nini kwenye mtungi, ili kila kitu kiongezwe kwa kiasi kilekile. Maman hakupinga, naye aliona ni sawa, maana haba na haba hujaza kibaba. Tatizo lilikuwa kwamba vipimo vyake vilikuwa vya mwili. Unga ni konzi, na konzi ya Papa ilikuwa kubwa kuliko yake. Maji huongezwa "mpaka utamu uache kuuma ulimi," na Papa alikaa na kalamu mkononi, hajui namna ya kuzidisha "mpaka." Walijadiliana kwa upole asubuhi nzima. Maman akasema pengine pipa kubwa linahitaji unga kidogo kuliko hesabu inavyodai. Baada ya muda akasema pengine linahitaji zaidi. Mimi niliwasikiliza huku nikipata wasiwasi ambao, nadhani, haujaniacha tangu siku hiyo: watu wawili wazima niliowaamini kuliko wote walikuwa wanakisia. Mwishowe walifuata hesabu, wakalifunika pipa kwa majani ya mgomba, kisha kwa blanketi zote za nyumba, kwa sababu kama mtungi mdogo unahitaji blanketi moja, pipa litahitaji nyingi. Tulilala tukitetemeka ili pombe isipate baridi.

Asubuhi pipa lilikuwa na joto kama mtoto mwenye malaria. Povu lilikuwa limeyasukuma majani pembeni na kushuka hadi sakafuni, na ndani mlisikika mchemko ingawa hapakuwa na moto popote. Maman aliweka kiganja ubavuni mwa pipa, akakiondoa, akakirudisha. Tulivua blanketi kama watu wanaomvua mgonjwa. Papa alitaka limwagiwe maji baridi kwa nje, Maman akahofia litashtuka, wakamwaga kidogo kisha wakaacha. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi tulikuwa tumeyafikia na bado hatukuyajua. Siku ya wageni ilipofika, kasiksi ilikuwa imepita utamu wake na kuwa kali, yenye uchachu unaokunja taya. Papa akapendekeza bia za chupa. Maman alimjibu kwamba chupa zinaweza kufuata, lakini kinywaji cha kwanza lazima kitoke kwenye mikono ya nyumba. Akaongeza maji mapya ya ndizi ili kuituliza. Sijui kama ilitulia au ilizidi kukasirika.

Kwetu anayetoa pombe huionja kwanza mbele ya wote. Ni desturi ya adabu, ila chini yake kuna hofu ya sumu ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka. Aliyeipika akisita, akikunja uso, wageni hawatamshtaki. Watasema tu kwamba mvua inakaribia, watachukua kofia zao, na posa itakuwa imeishia hapo. Ndiyo maana nilimtazama Maman usoni alipoinua kibuyu. Tantine Nabintu alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameinamisha kichwa chini ya kitenge kama bibi harusi anavyotakiwa, kimya tangu asubuhi. Maman alikunywa kidogo. Uso wake haukukunjamana, lakini jicho moja lilifumba lenyewe.

Msemaji wa Walungu, mzee mwembamba mwenye fimbo, aliliona. "Maman, kunywa ya kuonekana," alisema kwa tabasamu. "Hivi njo kuku anakunywaka." Watu wakacheka mfano huo wa kuku, kicheko kifupi. Maman akainua kibuyu tena, na mgeni mmoja akaigusa kofia yake, kama mtu anayeona mvua inakaribia.

Hapo Tantine Nabintu akafanya jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Alifunua kitenge, akachukua kibuyu mikononi mwa Maman, akanywa kwa mafunda marefu, hadi tukaona koo lake likipanda na kushuka. Akajifuta mdomo. "Iko kali," alisema. "Haiko mubaya. Tulipika mingi mara moja, ikatushinda."

Mzee alimtazama, akailaza fimbo yake chini. Kisha akanyoosha mkono. "Muniletee hiyo yenye iliwashinda." Alikunywa, akafumba macho yote mawili, akapitisha kibuyu kwa jirani yake. Pipa liliisha kabla ya jioni. Tantine aliolewa Walungu, na yuko huko hadi leo.

Nimehitimu chuo kikuu, masomo ya vyakula, na bado natafuta kazi. Sasa najua kwamba pombe inapochacha hutoa joto lake yenyewe, na chombo kikubwa hulizuia lisitoke. Kwa hiyo blanketi zilikuwa kosa. Lakini najua pia sababu nyingine, za unga, za ndizi za msimu ule, za yale maji mapya, na zinapingana. Wiki hii kikundi cha akina mama wa huko Katana wanaopika kasiksi kwa mitungi kimeniomba niwaandalie kipimo cha tangi la chuma walilopewa. Nimeandika na kufuta. Kila ninapoandika namba naona jicho la Maman likifumba. Nikajiambia angalau jambo moja la siku ile lilikuwa wazi: Tantine alipima hatari, akachagua ukweli, akaokoa ndoa yake. Jana nilimpigia simu ili nimsikie akilisema mwenyewe, nipate mahali pa kusimama.

Alicheka sana. "Mutoto yangu, nilikuwa na kiu," alisema. "Tangu asubuhi nilikuwa chini ya kile kitenge, hakuna hata mutu alinipatia maji."

Nikamuuliza, na yale maneno aliyomwambia mzee? Akasema hakumbuki kama alisema kitu. Akaniuliza kama nimekula.