Figa la Mama Mkwe

Kwao mume wangu, mama akifariki, mke wa kitinda mimba hupewa figa moja kati ya yale matatu aliyopikia. Mama mkwe alipofariki nilikuwa karibu kujifungua, kwa hivyo mume wangu alienda Bunyore kuzika bila mimi. Nilimwagiza asirudi bila figa langu.

Alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa fundi wa mawe, na baada ya mazishi alipitia Machakos kumalizia kazi. Alilibeba begani kutoka stendi mpaka chumba chetu cha Silanga, hapa Nairobi, jiwe la kijivu lenye chembe zinazometameta. Halikuwa na masizi. Nilipouliza, alisema ameliosha. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Tulipikia makaa, basi nikalifanya la kunolea kisu. Nauza sukuma wiki, na wateja wa jioni huitaka ikiwa imekatwa tayari. Tulipohamia mtaa wa Kongo, kule Kawangware, mkokoteni ulijaa, akasema tuliache, lina uzito wa bure.

"Utaacha jiwe la mama yako kwa mlango wa mtu?" nilimwambia.

Alinitazama kidogo, akaliinua akalibeba mwenyewe njia nzima.

Alifariki mwaka jana. Siku ya mazishi kule Bunyore nilimshukuru shemeji kwa lile figa. Alinishika mkono, akanipeleka katika jiko la mama yao. Mafiga yalikuwa matatu, meusi, yamekaa palepale. Nilirudi Nairobi na huzuni mbili, ya kufiwa na ya kutojua kama nilidanganywa.

Mtoto wa dada yake mume wangu anasomea mawe chuo kikuu. Alikuja kunipa pole, akaliona lile jiwe, akasema ni graniti, tena graniti inaweza kupimwa umri. Nikamuuliza kama kipimo kinaweza kusema jiwe limetoka wapi. Akasema mara nyingi kinaweza. Nilimpa nyundo ya mjomba wake, nikamwonyesha avunje upande wa chini, usioguswa na kisu.

Alinieleza taratibu. Ndani ya graniti mna punje ndogo kuliko chumvi, zinaitwa zirkoni. Zilipoumbika zilifungia madini ya urani ndani yake. Urani hiyo hugeuka madini ya risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika, kwa hivyo ukipima iliyobaki na iliyogeuka, unajua umri. Kuna alama nyingine za kuonyesha mwamba ule uliyeyuka kutoka mwamba gani. Graniti ya kwao Bunyore, alisema, ina zaidi ya miaka bilioni mbili. Ya Ukambani, upande wa Machakos, haifiki hata nusu.

Majibu yalichukua miezi. Alikuja nayo mwenyewe, akaketi kwenye kreti yangu ya nyanya.

"Anti, usiskie vibaya," alisema. "Hili si la kwetu. Linafanana na ya kule Machakos."

"Kwa hivyo anko wako alinidanganya."

"Mimi najua jiwe tu, anti."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nanoa kisu nikakumbuka jinsi alivyokuwa nikimtuma chumvi. Akisahau, alikuwa akipitia kwa jirani kuomba, halafu anasema ameinunua. Hakuweza kunirudia mikono mitupu. Pengine alisahau figa kwa ajili ya uchungu wa kufiwa na mama yake, pengine kaka zake walimkatalia. Sitajua. Ninachojua ni kwamba alilibeba mara mbili, na ile ya pili alijua vizuri si la mama yake, akalibeba kwa sababu yangu.

Shemeji alipopata habari alipiga simu, akasema niende nikachukue figa la kweli. Nilimwambia aliache likae na wenzake. Langu lina shimo katikati, ni kisu changu kimelichimba miaka hii yote.

Ila laiti angeniambia. Ningemcheka sana, halafu ningenoa kisu kwa jiwe lilelile.